Atakayeona Wingu Apige Kelele

Kipenga kililia adhuhuri, jua likiwa kali hata kuku wa jirani walikuwa wamejibanza chini ya mkokoteni. Wanawake waliokuwa wameinamia vichanja vya kahawa waliinua nyuso. Waliitazama mbingu, wakatazamana wao kwa wao, kisha wote wakamtazama Afande Gorreti, aliyesimama katikati ya uwanja miguu pamoja, kifua mbele, mashavu yametuna kwa pumzi. Juu yake hapakuwa na wingu hata la dawa.

"Funika!" aliamuru.

"Afande," alisema Nakisige, mwanamke mnene wa Kisoga ambaye ulimi wake haukuwahi kwenda likizo, "leo sisi nafunika jua?"

"Nafunika mvua. Herbert alipiga simu. Jinja nanyesha tangu asubuhi."

"Sasa hiyo ya Jinja ilipanda basi gani? Tujue saa ya kwenda kuipokea."

Kicheko kilipita kichanja hadi kichanja. Afande hakucheka. Alikuwa na namna yake ya kutocheka, aliyoizoea Jinja alikokuwa askari magereza kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Aliinua kidevu kidogo tu, akangoja, na kicheko kikajifia chenyewe. Maturubai yakavutwa, kahawa ikafunikwa, na jua likaendelea kuyachoma mabati ya mtaa wa Malukhu bila kumjali mtu.

Mvua haikuja. Walipofunua alasiri, mvuke uliwapiga usoni, na kahawa ilikuwa ikinuka kama nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Wanawake waliigeuza haraka haraka kwa viganja, kila mmoja akinusa vidole vyake kwa siri.

Mtu asiyeijua kahawa iliyooshwa angedhani adui yake ni mvua peke yake. Ni kweli kwamba ikilowa huota kuvu. Lakini ikifunikwa mno hutoka jasho na kushika harufu, na ikiachwa kwenye jua la kisu ganda lake hupasuka. Inataka jua, inataka kivuli, na inataka mtu wa kuamua kila mara kwamba sasa ni zamu ya kipi. Msimu ule mtu wa kuamua alikuwa Afande Gorreti.

Magidu, mwenye uwanja, ndiye aliyemchagua. Alikuwa mfanyabiashara wa jumla mjini Mbale, mtu wa kuvuka mpaka kwenda Bungoma na kurudi, Kiswahili chake laini kuliko cha wenzake wote sokoni. Siku moja alipita mbele ya nyumba ya Afande akaona vitunguu vya bustani vimesimama mistari iliyonyooka kama vinangoja kukaguliwa. Akasema moyoni mwake kwamba mwanamke anayevinyoosha vitunguu namna ile atawaweza na wakaushaji wake. Afande alikuwa amestaafu, na kustaafu kulikuwa kunammaliza. Alipewa uwanja asubuhi, na jioni alikuwa ameshanunua kipenga kipya. Tuseme kweli tupu: alifurahi kupita kiasi, na kwa siku kadhaa alitembea barabarani akijizuia kuimba.

Lakini furaha ile ilikuwa na sharti. Mnunuzi mmoja wa ng'ambo alikuwa ameonja kahawa ya Magidu, akaipenda, akaagiza shehena moja ya majaribio. Magidu aliwakusanya wanawake wote, akapanda juu ya gunia ili aonekane vizuri.

"Mama zangu, nisikilizeni. Huyu bwana akiikubali kahawa hii, uwanja huu ni wenu, msimu huu na ule unaokuja. Ikiharibika, nanunua mashine ya kukaushia. Mashine haitazami mbingu, wala hailali, wala haili chakula cha mchana. Msije mkanilaumu baadaye."

Wanawake hawakumlaumu. Waliitazama kahawa yao, kisha wakamtazama Afande.

Afande alikuja na ratiba. Asubuhi kufunua, adhuhuri kufunika, alasiri kufunua tena, machweo kufunika hadi kesho. Haikuwa ratiba ya kijinga. Yeyote aliyekula chumvi nyingi Mbale angekuapia kwamba zamani mvua ya msimu ule ilikuwa na adabu. Asubuhi ilikuwa ya jua. Mchana mawingu yalikaa juu ya mlima Wanale kama watu kwenye kikao. Baadaye yalinyesha, yakaisha, watu wakarudi kazini. Leo na kesho zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Sasa mvua haikuwa imepungua sana wala kuongezeka sana, hata wakulima wa mlimani walikubali hivyo. Ilichofanya ni kuacha kufanana. Leo jua kutwa nzima, kesho kiza kutwa nzima, keshokutwa yote mawili kabla ya chai ya saa nne. Ungeanika shati ukijua hali ya hewa, ukageuka kuchukua kibanio, ukakuta hujui tena.

Afande aliuchukulia mvurugo huo kama utovu wa nidhamu, na penye utovu wa nidhamu mtu hutafuta taarifa za mapema. Taarifa zake zilitoka kwa Herbert, rafiki yake wa tangu mafunzoni, aliyekuwa bado kazini Jinja na ambaye nyumba yake ilitazama mto. Herbert alipoona mvua inavuka Nile, alipiga simu. Afande aliamini kwamba mvua ikishavuka daraja lazima ifike Mbale baada ya chakula cha mchana, kama wanavyofika abiria. Mara moja moja ilifika kweli, na siku hiyo alizunguka uwanja mikono nyuma, akawa mtu asiyevumilika. Mara nyingi haikufika, na siku hizo alisema kwamba imechelewa njiani.

Katika wanawake wote, mgeni zaidi alikuwa Twaibah. Alitoka Nakaloke kila asubuhi, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba salamu yake iliishia kwenye kichanja cha jirani. Alipewa kichanja cha mwisho kando ya ukuta. Watu hawakukitaka kichanja hicho kwa kuwa kilikuwa mbali na maji, ila kilikuwa na jambo moja zuri: kutoka pale, kupitia pengo la ukuta, ungeliona bega la Wanale lote.

Siku moja Twaibah aliinua kichwa akaona wingu jeusi linateremka begani pale. Hakufikiri. Aliachama akatoa ukelele ambao hakuna aliyejua kwamba ulikaa ndani yake.

"Mvuaaa!"

Uwanja mzima ulilipuka. Wanawake waliacha walichoshika, mguu niponye, maturubai yakavutwa huku yakipepea, Nakisige akaangusha kiatu na hakurudi kukiokota. Walifunika kila kitu kabla Afande hajakipata kipenga chake kilichokuwa kimezunguka mgongoni. Kisha wakasimama wakihema, roho juu, wakingoja. Wingu lilifika juu ya mji, likasita kidogo kama mtu aliyekosea nyumba, likapinda kwenda zake. Jua likatoka.

Afande alikwenda hadi kichanja cha mwisho. Alitembea polepole.

"Nani alipiga kelele?"

"Ni mimi, Afande."

"Nani alikupa ruhusa ya kuangalia mbingu?"

Siku nyingine Nakisige angelipata la kusema. Siku ile alikwenda kutafuta kiatu chake.

"Hapa kipenga iko moja," Afande aliendelea, kila mtu akisikia. "Mtu moja ndiyo naangalia juu. Hawa wengine naangalia kahawa. Gerezani, mtu akipiga kelele ya bure, askari natoka kwa mlango zao, nakimbia. Mlango nabaki wazi. Unajua nini natokea?"

"Hapana, Afande."

"Basi omba Mungu usijue."

Twaibah aliinamisha kichwa, akaanza kugeuza kahawa iliyokwisha kugeuzwa.

Kesho yake asubuhi mbingu ilikuwa safi, na Afande alikuwa kivulini akizungumza na Herbert kwa simu. Herbert alimwambia kwamba Jinja ni kavu, vumbi tupu, asiwe na wasiwasi. Afande alikuwa bado anamshukuru wakati tone la kwanza lilipompiga mkononi. La pili halikuja peke yake. Mvua ilishuka kutoka Wanale kwa mkupuo, jua likiwa bado linawaka upande wa pili, na kipenga kililia kikiwa kimejaa maji. Wanawake walikimbia, wakavuta, wakafunika kichanja baada ya kichanja.

Walifunika vyote isipokuwa kimoja. Afande alipofuta macho alimwona Twaibah amesimama mwisho wa uwanja. Turubai alikuwa nalo mikononi, amelikunjua tayari, pembe mbili amezikamata sawasawa. Amesimama wima, analowa, kahawa mbele yake inalowa. Kipenga hakikumfikia kwa kishindo cha mvua, naye alikuwa anangoja kipenga.

"Wewe uliiona?" Afande aliuliza mvua ilipokatika.

"Niliiona, Afande."

"Lini?"

"Ilipotoka kwa mlima."

"Na turubai iko mkononi! Kwa nini hapana funika? Kwa nini hapana sema?"

Twaibah alifuta uso kwa kiganja.

"Jana nilisema," alijibu.

Hakusema kwa ujeuri. Laiti angesema kwa ujeuri, Afande angejua la kumfanya.

Magidu alikuja jioni ile, akachota kahawa ya kichanja cha mwisho, akainusa, akaimwaga.

"Hii itakwenda soko la hapa hapa. Kichanja kimoja naweza kukimeza, Afande. Cha pili kitanikaba. Mnunuzi anakuja Jumatatu."

Afande alirudi nyumbani kwa miguu, jua la machweo likimpiga kisogoni kana kwamba siku nzima halikuwa na kosa. Alikuwa na hasira, na kila alipoitafutia hasira ile mtu wa kumbebesha, hakumpata. Gerezani alikuwa amejivunia jambo moja kuliko vyeo vyote: katika zamu zake hapakuwahi kupigwa ukelele wa bure. Lakini huko alilinda ukuta. Ukuta jana ulikuwa pale, leo uko pale, na mtu mmoja mwenye macho makali alitosha. Huku alikuwa analinda kitu kisichokaa mahali pamoja, na yeye kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amezima macho yote isipokuwa yake. Aliona haya, haya zile zinazopanda mpaka masikioni. Alifika mlangoni, akapita bila kuvitazama vitunguu vyake.

Asubuhi aliwapanga mstari kama kawaida. Alikohoa mara kadhaa. Wanawake walidhani anaumwa.

"Kuanzia leo, atakayeona wingu apige kelele. Hapana ngoja mimi. Hapana omba ruhusa."

Nakisige aliinua mkono kama mtoto wa shule.

"Na kama ile wingu ni ya uongo, Afande?"

Afande alikizungusha kipenga shingoni.

"Kama ni ya uongo, mnakunywa maji, mnafunua."

"Hiyo tu?"

"Nakisige, unataka nikuongezee?"

Basi siku hiyo ikawa patashika. Ukimya wa muda mrefu ulipofunguliwa mlango ulitoka wote kwa pamoja. Nakisige alipiga kelele kwa sababu ya moshi wa muuza chapati. Akapiga tena kwa sababu ya kundi la ndege. Mwingine alipiga kwa kivuli cha mti uliotikiswa na upepo, na wote walikimbia, wakafunika, wakatazama juu, wakavunjika mbavu kwa kicheko, wakafunua. Kila mara Afande alihisi karipio limepanda hadi kwenye meno, akalimeza chungu. Kisha jambo la ajabu likaanza. Kukimbia kule kuliwafundisha kukimbia. Walijigawa wawili wawili bila kuambiwa. Mmoja huku mmoja kule, turubai likaruka hewani likatua kama shuka juu ya kitanda. Wakatunga na wimbo wa Kisoga wa kuvutia maturubai, mwingine wa Kimasaba wa kufunulia. Mvua ya kweli ilipokuja alasiri, ilikuta kila kitu kimefunikwa na wanawake wameketi juu ya magunia wakila karanga.

"Karibu!" Nakisige aliiambia mvua. "Umechelewa, mama."

Hata Afande alikimbia. Magoti yake yalilalamika, naye akayapuuza. Siku zile za mwisho wa juma hilo jua na mvua vilipokezana bila mpango wowote, na yeye akajikuta anaamka na hamu ya kuona leo itakuwaje. Zamani swali hilo lilimnyima raha. Sasa lilimtoa kitandani. Magidu alikuja na kipima unyevu, akakichomeka huku na huku, akakitikisa akidhani kimeharibika, kisha akatabasamu.

Ila Twaibah hakupiga kelele. Alikuwa wa kwanza kukimbia na wa mwisho kupumzika, turubai lake halikuwahi kukaa upande, lakini kinywa kilikuwa kimefungwa. Mara mbili tatu Afande alimnasa akitazama mlima, kisha akimtazama yeye, kisha akitazama kahawa.

"Ile ya saa hii uliiona?" alimwuliza.

"Niliiona."

"Na?"

"Nakisige alisema, Afande."

"Lakini wewe uliiona mbele yake."

Twaibah alitabasamu kwa adabu, tabasamu la mtu anayesubiri uende zako. Afande akaenda zake. Alijua kuamuru watu wanyamaze. Ilikuwa imemchukua pumzi moja tu. Namna ya kuamuru mtu arudishe sauti yake hakufundishwa popote.

Jumamosi ilikuwa sherehe ya kumuaga Herbert huko Jinja, naye sasa akistaafu. Afande alitaka kubaki; kahawa ilikuwa imebakiza jua la siku moja tu, na Jumatatu mnunuzi angefika. Magidu alimsukuma aende. Nakisige aliachiwa uwanja, akapokea wadhifa huo kwa kupiga saluti ya mkono wa kushoto. Afande aliondoka alfajiri, na gari lilikuwa limeshafika Iganga alipogusa kifua akakuta kipenga kiko shingoni mwake. Alikikamata akageuka kutazama nyuma, kana kwamba angeweza kukirusha kikafika Malukhu.

Jinja ilikuwa imevaa siku njema. Mahema yalisimamishwa kwenye nyasi nyuma ya nyumba za askari, viti vya plastiki vimepangwa, pilau inanukia, na chini kule mto ulikuwa unameremeta hata ukitazama unaumwa macho. Maaskari waliostaafu na wasiostaafu walikaa na wake na waume zao, wakikumbushana visa. Mbingu haikuwa na doa. Herbert, ndani ya suti mpya iliyombana kwapani, alimkumbatia, akanyoosha kidole juu.

"Unaona, dada? Leo Mbale hapana mvua. Mimi nasema."

Afande alifurahi, akala, akacheka na watu. Walipoanza hotuba alinyanyuka, akasogea nyuma ya hema, akapiga simu ya Nakisige. Aliyepokea alikuwa na sauti ndogo.

"Nakisige yuko stoo nashona magunia, Afande. Mikono imejaa. Ni mimi Twaibah."

"Huko namna gani?"

"Jua iko."

"Vizuri. Hata hapa iko."

Twaibah hakuaga. Afande alisikia pumzi yake.

"Lakini Afande... kwa mlima kuna kitu. Kidogo."

Afande aliitazama mbingu ya Jinja, safi, imeoshwa. Jinja ni kavu: maneno hayo yalikuwa tayari kwenye ulimi, amezoea kuyasema, na mara moja moja yalikuwa kweli. Alimwona tena yule mwanamke mwenye turubai mikononi, analowa. Akayameza.

"Inakuja ama haikuji?"

"Sijui, Afande. Wewe nasema nini?"

"Twaibah, mimi niko Jinja. Macho yangu iko hapa kwa mto, naona watu nakula pilau. Wewe ndiyo uko hapo. Mimi hapana jua. Wewe hapana jua. Sasa?"

Huku nyuma mtu alikuwa anamsifu Herbert kwa uaminifu wake. Kisha ikatoka, si kwa nguvu ile ya siku ya kwanza, lakini ikatoka: "Funika! Jamani, funika!" Afande alisikia miguu, maturubai, wimbo wa Kisoga umeanzwa kwa sauti ya juu mno. Alikuwa amebana simu sikioni kwa mikono miwili. Moyo ulimwenda mbio kana kwamba yeye ndiye anayevuta. Akangoja. Wote wakangoja, huko na huku.

"Afande." Sauti ilikuwa imeanguka. "Imeenda. Jua imerudi. Nimekimbiza watu bure."

"Kunywa maji. Funua."

"Hapana kasirika?"

Afande alitaka kusema hapana. Lakini uongo ungesikika.

"Kidogo," alisema. "Hiyo hasira ni yangu, nitaimaliza mwenyewe hapa hapa. Wewe hapana kata simu. Angalia mlima."

Aliposema hayo alisikia jina lake likiitwa. Mshereheshaji alikuwa anamwita mbele: Afande Gorreti, aliyetoka Mbale kwa ajili ya siku hii, aseme machache. Makofi yakapigwa. Alitembea hadi mbele simu ikiwa sikioni, akapewa kipaza sauti kwa mkono mwingine, akasimama juani mbele ya watu wote.

"Ndugu zangu," alianza. "Herbert na mimi tulianza kazi—"

"MVUAAA!"

Haikuwa ile sauti ya kuuliza. Ilimchoma sikio. Hakukuwa na neno Afande ndani yake, hapakuwa na ruhusa wala samahani, na kabla haijaisha alisikia simu inaangushwa juu ya kitu kigumu na miguu inaondoka.

"Kimbia!" Afande alipaza sauti, kipaza sauti kikiwa mdomoni. "Kimbia, mama! Vuta!"

Na maaskari wa Jinja, watu waliozoea amri miaka na miaka, waliinuka. Viti vikaanguka. Mwanamume mmoja mwenye mvi alishaanza kukusanya sahani za pilau. Mwingine alikuwa amevua koti akamfunika mkewe kichwa. Walisimama hivyo chini ya mbingu isiyo na wingu, wakitazama juu, wakimtazama yeye, wakitazama juu tena.

"Dada," Herbert alinong'ona, "mvua iko wapi?"

Afande aliinua kidole kimoja kumnyamazisha. Alikuwa anasikiliza. Mvua ikipiga kahawa haitoi sauti. Inazama tu, kimya, na ukija kujua imekwisha kuharibu. Sasa simu ilikuwa kimya. Ilikuwa kimya kwa muda ambao hakuweza kuupima, na katika muda huo mto wote ukaacha kumeremeta.

Kisha ngoma zikaanza. Moja karibu na simu, ikafuata nyingine, zikaenea uwanja mzima mpaka mwisho, mpaka kule ukutani, mvua nzito ya Wanale ikigonga turubai baada ya turubai baada ya turubai. Alizisikiliza zote. Katikati ya kishindo hicho watu walikuwa wanacheka. Alimsikia Nakisige akilalamika kwamba ametoka stoo na wamemfunika na yeye pamoja na kahawa. Alisikia na kicheko kimoja ambacho hakukijua, chembamba, kinachopanda juu na kukatika na kuanza tena, na ilimchukua muda kuelewa kwamba ni cha Twaibah.

"Afande, tunangoja," mshereheshaji alisema taratibu.

Watu walikuwa wameanza kukaa mmoja mmoja, wakiinua viti vyao. Jua lilikuwa linamchoma utosini. Simu ilikuwa imelala mahali fulani juu ya kichanja cha Malukhu, wanawake wakisemezana juu yake wote kwa pamoja, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba yeye bado yuko upande huu. Hakuna aliyemwita. Machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya kila mtu, naye alikuwa anatabasamu hadi masikioni.

Hakukata.